Wiki 19 na Safu ya Nyuma

Kuna kauli imeshika kasi miongoni mwa wanamuziki chipukizi na wanaowashauri: usimwitikie mtu, yaani usiimbe sauti za nyuma kwa mwingine. Usipige gitaa nyuma ya bosi, usizunguke na bendi ya mwingine, usipoteze miaka ukipiga nyimbo za watu. Simu unayo, biti (midundo iliyokwisha kutengenezwa) zinauzwa mtandaoni, toka leo kwa jina lako. Anayekaa safu ya nyuma, wanasema, anamjengea mwenzake nyumba huku yeye mwenyewe analala nje.

Kauli hiyo ina ukweli wake, na nitaufikia. Kinachonisumbua ni ushahidi unaoibeba, maana karibu kila anayeitoa hutaja mfano uleule: Lil Nas X. Mwaka 2018 kijana huyo wa Marekani, asiyejulikana na yeyote kwenye muziki, alinunua biti mtandaoni kwa dola 30 kutoka kwa YoungKio, prodyuza kijana wa Uholanzi ambaye hakuwa amewahi kukutana naye. Akaimba juu yake, akausukuma wimbo mwenyewe kwa vichekesho na video fupi. Mwaka 2019 "Old Town Road" ukakaa wiki 19 kileleni mwa Billboard Hot 100, chati ya nyimbo zinazoongoza Marekani. Hakuna bendi, hakuna bosi, hakuna msoto. Dola 30, wiki 19.

Namba hizo mbili nimekaa nazo sana, na kila nikizifungua nakuta watu wengine ndani yake.

Anza na biti yenyewe. Zile nyuzi zinazosikika mwanzoni YoungKio alizichota kwenye albamu ya bendi ya Nine Inch Nails ya mwaka 2008, kazi ya Trent Reznor. Huyu Reznor alianzaje? Miaka ya 1980 alikuwa mfagizi na msaidizi wa fundi mitambo katika studio moja mjini Cleveland. Alideki sakafu, alisaidia kurekodi kazi za wengine, na usiku wateja wakishaondoka mwenye studio alimruhusu atumie vyombo bure. Nyimbo alizozifinyanga katika saa hizo ndizo zilizomfungulia njia ya albamu yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989. Kwa hiyo ndani ya biti ya dola 30 kuna mkono wa mtu aliyeingia kwenye muziki akiwa na ufagio.

Njoo kwenye sauti. Wimbo wa awali, Lil Nas X akiwa peke yake, ulikaa namba moja wiki ya kwanza tu. Wiki 18 zilizofuata zilibebwa na toleo aliloimba na Billy Ray Cyrus, mwimbaji wa kantri ambaye kabla ya kutoka mwaka 1992 alikuwa amesota miaka mingi akipiga na bendi yake kwenye baa. Na rekodi ya kukaa kileleni ambayo wimbo huo uliivunja ilikuwa ya nani? Ilikuwa wiki 16, waliyoiweka Mariah Carey na Boyz II Men mwaka 1996, na ambayo wimbo "Despacito" uliifikia mwaka 2017 bila kuipita. Mariah Carey alikuwa mwitikiaji wa mwimbaji Brenda K. Starr. Starr ndiye aliyemchukua mwaka 1988 hadi kwenye tafrija ya wakubwa wa kampuni za muziki, na hapo ndipo kanda ya msichana huyo ilipofika mikononi mwa Tommy Mottola, bosi wa lebo. Mottola akaisikiliza garini akiwa njiani kuondoka, akageuza gari kwenda kumtafuta. Miaka kumi baadaye Mariah alirudia kurekodi wimbo wa Starr aliokuwa akiuitikia.

Mwaka 2024 mwimbaji Shaboozey naye akazifikia wiki 19. Huyo alikuwa na takriban miaka kumi ya kutoa nyimbo na albamu ambazo wengi hawakuzisikia. Wengi walilijua jina lake mwezi Machi mwaka huo, alipotokea kama mgeni kwenye nyimbo mbili za albamu ya Beyoncé. Wiki mbili baadaye akatoa wimbo wake huo wa wiki 19.

Simpunguzii Lil Nas X hata chembe. Kabla ya kuimba alikuwa ameshinda mtandaoni muda mrefu, akiendesha kurasa za vichekesho na za mashabiki, akijifunza kipi kinawafanya watu wasambaze kitu na kipi wanakipita. Hiyo nayo ni shule. Ninachosema ni kwamba mfano unaotumiwa kuizika safu ya nyuma umesimama juu ya mabega ya watu wa safu ya nyuma.

Shule hiyo hufundisha nini? Wanaoibeza wengi hawajaiona kwa karibu. Chukua waitikiaji watatu kwenye maiki moja. Jambo la kwanza wanalopatana ni pumzi: nani avute wapi, ili mstari mrefu usikatike katikati. La pili ni irabu. "A" ya mmoja ikiwa pana na ya mwenzake nyembamba, hata kama noti ni sahihi, msikilizaji atasikia watu watatu badala ya sauti moja. La tatu ni kuachia neno kwa pamoja, maana mmoja akichelewa kufunga mdomo mkia wake unabaki ukining'inia hewani. Mwenye sauti nzito anarudi hatua moja nyuma bila kuambiwa. Na muda wote huo macho yako kwenye mabega ya kiongozi, kwa sababu usiku huu anaweza kuamua kurefusha kiitikio mara mbili zaidi, na dalili pekee utakayopewa ni bega kupanda.

Mtu aliyefanya hivyo miaka mitano anajua jambo ambalo chumbani hulipati: wimbo una nafasi zake, na nafasi nyingine hutakiwi kuzijaza. Mwenye kuanza moja kwa moja mbele hujaza kila mahali.

Mwimbaji Luther Vandross ni ushahidi mzuri wa hili. Mwaka 1974 alimsindikiza rafiki yake, mpiga gitaa Carlos Alomar, hadi studio ya Philadelphia alikokuwa akirekodi David Bowie. Vandross akawa anajiimbia pembeni namna ambavyo kiitikio kingeweza kwenda. Bowie akasikia, akampa kazi ya kupanga sauti za waitikiaji wa albamu ile, iliyotoka mwaka uliofuata. Kuanzia hapo Vandross aliitikia nyuma ya wengi na kuimba matangazo ya biashara, yale ya sekunde 30 ambayo hayakupi muda wa kujitafuta. Albamu ya kwanza kwa jina lake mwenyewe iliyomtoa ilikuja mwaka 1981. Sikiliza waitikiaji kwenye nyimbo zake za soul: wanajibu, wanabisha, wanamtangulia, wananyamaza. Aliwapangia kama mtu aliyewahi kusimama pale walipo.

Rumba ya Kongo ndiko mnyororo unakoonekana wazi zaidi. Papa Wemba alikuwa miongoni mwa waliounda kundi la Zaïko Langa Langa mwaka 1969, akatoka humo na hatimaye akaanzisha lake, Viva La Musica, mwaka 1977. Koffi Olomide alianza kwa kumtungia Wemba nyimbo, kisha akawa na kundi lake, Quartier Latin. Fally Ipupa akaingia Quartier Latin mwaka 1999 na kukaa hadi alipotoa albamu yake ya kwanza mwaka 2006. Miaka saba hiyo. Anayemsikiliza Fally leo akidhani alizuka tu anaruka vizazi vitatu vya watu waliokaa nyuma ya mtu, wakasikiliza, wakaondoka na sehemu ya alichonacho.

Wapo hata ambao safu yao ya nyuma haikuwa jukwaani kabisa. Kris Kristofferson, msomi wa Oxford na rubani wa jeshi aliyeacha vyote hivyo na baadaye akawa mtunzi na mwimbaji mkubwa wa kantri, alikuwa akifagia studio ya Columbia mjini Nashville mwaka 1966 wakati Bob Dylan akirekodi humo. Ufagio tena. Hakuruhusiwa kusogea karibu, lakini alikuwa ndani ya jengo, na kuwa ndani ya jengo ni nusu ya elimu: unasikia wimbo ukikosewa mara nane kabla haujakaa sawa.

Sasa ule ukweli nilioahidi kuufikia, na ni mchungu.

Darlene Love alikuwa mwimbaji wa studio mjini Los Angeles. Mwaka 1962 prodyuza Phil Spector alimwita akaimba "He's a Rebel". Wimbo ukafika namba moja Marekani, lakini kwenye lebo ya sahani liliandikwa jina la kundi jingine, The Crystals, ambao hawakuwepo hata studioni. Sauti ilikuwa yake, jina na sifa vikaenda kwa wengine. Miaka ya mwanzo ya 1980 alikuwa akisafisha nyumba za watu ili apate riziki, na amesimulia mwenyewe alivyokuwa akisugua bafu la tajiri mmoja redio ikapiga wimbo wa Krismasi alioimba yeye. Alirudi jukwaani baada ya hapo, na mwaka 2011 akaingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll. Nafurahi kwa hilo, lakini siwezi kuita miaka ile mafunzo. Ulikuwa wizi wa jina la mtu.

Jimi Hendrix naye, kabla ya kwenda London mwaka 1966, alipiga gitaa nyuma ya Isley Brothers na nyuma ya Little Richard, na huko alijifunza jukwaa. Lakini Oktoba 1965, akiwa mpiga gitaa wa kukodiwa, alisaini mkataba wa miaka mitatu na prodyuza mmoja kwa dola 1 na asilimia 1 ya mauzo. Alipopata jina karatasi ile ikamfuata mahakamani, na albamu moja nzima, iliyotoka mwaka 1970, ikabidi itolewe kumaliza madai hayo. Anayesema bosi anaweza kukumeza ana Hendrix wa kumwonyesha.

Kwa mwimbaji James Brown na bendi yake, pande zote mbili ziko kwenye chumba kimoja. Alitoza faini kwa noti iliyokosewa, alitoza faini kwa kiatu kisichong'aa. Machi 1970 wanamuziki wake wazoefu walimkabili wakidai maslahi bora. Brown akaagiza ndege ikawachukue vijana wa bendi ndogo ya Cincinnati, akawapandisha jukwaani mahali pa wazee wao. Mmoja wa vijana hao alikuwa mpiga besi Bootsy Collins, umri miaka 18. Alikaa chini ya mwaka mmoja, lakini alitoka na somo lililokuja kuutikisa muziki wa fanki kwa muongo mzima: pigo la kwanza la kila kipimo ndilo nguzo, mengine cheza utakavyo. Somo lilikuwa la kweli. Nafasi aliyolipatia ilikuwa ya watu waliofukuzwa kwa kudai haki yao. Nimejaribu kuyatenganisha hayo mawili nimeshindwa.

Na safu ya nyuma ina mlango mwembamba. Bendi zinapiga usiku, zinasafiri, zinaongozwa zaidi na wanaume. Msichana wa miaka 13 hana nafasi humo, wala hapaswi kuwa nayo. Billie Eilish alikuwa na umri huo Novemba 2015 wimbo alioimba nyumbani, ulioandikwa na kaka yake Finneas, ulipowekwa mtandaoni ili mwalimu wake wa dansi autumie. Kazi yao yote ya mwanzo ilitoka kwenye chumba cha kulala, na Januari 2020 wakaondoka na tuzo kubwa za Grammy. Bila mtandao huenda sauti ile tungeipata kwa kuchelewa, au ikiwa imekwisha kugeuzwa na mikono ya watu. Hilo nalikubali kwa moyo wote. Naongeza tu kwamba tangu akiwa na miaka minane alikuwa kwenye kwaya ya watoto ya Los Angeles, na ile namna yake ya kuimba karibu na maiki kama anayenong'ona, bila noti kuyumba, inahitaji pumzi iliyofundishwa. Kwaya ni safu ya nyuma pia, tena pengine iliyo salama kuliko zote, kwa sababu huko hakuna anayekusainisha karatasi.

Ndiyo maana naona ubishi wa kukaa nyuma au kutoka mbele umewekwa vibaya. Lililowaumiza Love na Hendrix lilikuwa karatasi na lebo ya sahani. Kazi ya kumwitikia mtu haikuwadhuru. Tunawashauri vijana waikimbie elimu wakati cha kukimbiwa ni mkataba. Tena mkataba mbovu haukai nyuma ya bosi wa bendi peke yake: biti ya dola 30 nayo huja na masharti ya matumizi, na anayeinunua bila kuyasoma anaweza kujikuta mahakamani kama aliyesaini kwa dola 1.

Akija kijana kuniuliza kama akubali kuzunguka na bendi ya mtu mwaka mmoja, nitamwambia akubali. Kabla ya safari ya kwanza aulize mambo matatu: jina langu litaandikwa wapi, nyimbo nitakazotunga nikiwa humu ni za nani, na naruhusiwa kuondoka lini. Akijibiwa kwa maandishi, apande gari. Akiambiwa "tutaona mbele ya safari", ashuke akatafute bendi nyingine.