Jina kwenye paji la fuvu

Oktoba ikielekea ukingoni, picha za vijana wa Nairobi na Dar es Salaam waliojichora sura za mafuvu huanza kuzunguka kwenye simu: macho yamezungushiwa weusi, meno yamechorwa hadi mashavuni, kichwani maua. Maoni yanayofuata tunayajua. Freemason. Ushetani. Kizazi kimepotea. Wachache hujibu kwamba hayo ni mapambo tu, watu waache kukuza mambo. Naona pande zote mbili zinaionea sura hiyo, kwa sababu ina kwao, ina aliyeichora, na ina watu iliowalenga.

Kwao ni Mexico. Aliyeichora ni José Guadalupe Posada, fundi wa kuchonga picha kwenye mabamba ya metali, aliyezaliwa Aguascalientes mwaka 1852. Pamoja na mchapishaji Antonio Vanegas Arroyo alitoa karatasi za bei ya chini zilizouzwa mitaani, zenye nyimbo, habari za mauaji na miujiza. Siku ya Wafu ilipokaribia, yaani tarehe 1 na 2 Novemba, Wamexico wanapowakumbuka marehemu wao, alichora viunzi vya mifupa vikifanya yote wayafanyayo watu: vinapanda baiskeli, vinalewa, vinacheza, vinapigana. Mwishoni mwa maisha yake akachora fuvu la mwanamke mwenye kofia pana ya Kizungu, imejaa maua na manyoya ya mbuni. Akamwita Garbancera. Hilo ni jina walilobandikwa wauza dengu wenye damu ya wenyeji wa nchi, ambao waliionea haya asili yao wakajipaka poda waonekane Wazungu.

Sisi tunaoujua mkorogo hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Posada alikuwa akimsema mtu aliye hai, mwenye ngozi yake na fedha yake ya poda, akimwonyesha kilicho chini ya hayo yote. Miaka ya 1940 Diego Rivera akampa mwanamke huyo mwili na gauni katika mchoro mkubwa wa ukutani, akamweka katikati, Posada mwenyewe akiwa amemshika mkono. Tangu hapo dunia inamwita Catrina, na ndiye anayechorwa leo kwenye nyuso za vijana wetu, wengi wao bila kujua kwamba alianza kama kejeli dhidi ya kujikana.

Kinachowashtua watu wa huku ni kicheko. Kifo na kicheko vinakaaje pamoja? Lakini aliyewahi kuzika Iringa au Songea ameona mtani akiingia msibani amevaa koti la marehemu, akiiga mwendo wake, akilia kilio cha uongo kuliko wafiwa wenyewe. Amemwona akijilaza kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Mngoni na Mhehe walipigana vita vya kweli, leo wanazikana kwa utani, na hakuna anayeuita ushetani. Mjane hucheka huku machozi yakimtoka, na kicheko hicho kinamsaidia kuufikisha usiku. Nchini Mexico magazeti hutoa mashairi mafupi yanayomzika mwanasiasa angali hai, yakitaja uroho wake na tumbo lake. Mtani wetu angejiona yuko nyumbani.

Kuna jambo moja ambalo picha za kwenye simu huwa hazilionyeshi, nami ndilo linalonishika zaidi. Mafuvu madogo ya sukari yanayouzwa sokoni huko huandikwa jina kwenye paji la uso. Jina la marehemu, liwekwe mezani pamoja na mishumaa, maua ya manjano na chakula alichokipenda. Au jina la rafiki aliye hai anayepelekewa zawadi, hata mtoto hupokea fuvu lenye jina lake mwenyewe akalila. Fuvu lolote halina sura, wala huwezi kumtambua baba yako kwa mfupa wake. Kwa hiyo wanaliandika. Posada hakupata bahati hiyo: alikufa fukara mwaka 1913, akazikwa kaburi la maskini, na mifupa yake ikaishia katika shimo la pamoja. Mkono uliowachorea wengine mafuvu haujulikani ulipolala.

Wanaoikataa sura hii wana hoja, tena nzito kuliko wanavyoieleza wao. Muislamu amefundishwa kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuvunja wa aliye hai, na mtu mwenye imani hiyo ana haki ya kukereka akiona fuvu limegeuzwa urembo. Tanzania pia ni nchi ambamo ndugu zetu wenye ualbino wameuawa kwa ajili ya viungo vyao. Katika nchi kama hiyo, anayeogopa alama ya mfupa ana sababu ambayo Mmexico hana. Biashara nayo imeharibu. Mwaka 2013 kampuni ya Disney iliomba kulisajili jina la Siku ya Wafu liwe alama yake ya biashara, ikaondoa ombi baada ya kelele za watu. Na lile gwaride kubwa la Jiji la Mexico lilianza mwaka 2016, baada ya filamu ya James Bond kuonyesha gwaride ambalo halikuwepo. Fuvu lisilo na jina lolote, lililochapwa kwenye fulana, silitetei.

Ila hoja yao kubwa wameisahau. Afrika Mashariki ilinyang'anywa mafuvu halisi. Fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, lilirudi Uhehe mwaka 1954, ingawa Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza likabidhiwe ndani ya miezi sita. Leo liko Kalenga ndani ya kioo. Na Mkwawa alikuwa mtawala, aliyedaiwa hadi kwenye mkataba wa mataifa. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyokusanywa enzi za ukoloni, miongoni mwake 904 ya Rwanda, 202 ya Tanzania, 22 ya Kenya. Hesabu hiyo ni ya watu waliokuwa na wake, waume na wadeni wao, wakapangwa kwenye makabati kwa ajili ya kupimwa vichwa na wanasayansi waliotaka kuthibitisha ubora wa rangi yao.

Katika mafuvu hayo lilikuwamo moja lililoandikwa neno «Akida». Neno hilo moja tu. Kwa neno hilo watafiti waliweza kutafuta ukoo huko Kilimanjaro, wakapima vinasaba, vikalingana na vya mtu aliye hai, mzao wa mshauri wa karibu wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi. Aliyeliandika huenda alikuwa akiweka kumbukumbu za ghala, hakuwa na nia ya kumheshimu mtu. Hata hivyo neno lake lilimuunganisha mzee wa watu na ukoo wake, baada ya zaidi ya miaka mia moja. Ndiyo maana siwezi kukasirikia jina lililoandikwa kwa sukari kwenye paji la fuvu. Nakasirikia yale mengine mengi yasiyo na neno lolote.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea akiomba msamaha kwa mauaji ya Vita vya Majimaji. Aliwakuta wazao wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 na ambaye kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani. Aliahidi kusaidia kukitafuta. Siku hiyohiyo, nchini Mexico, meza zilikuwa zimeshaandaliwa.

Kijana atakayejichora Oktoba ijayo simkatazi. Namuomba awaulize kwanza wazee wake ni nani wa kwao hajulikani alikozikwa, kisha jina hilo aliandike hapo juu ya nyusi, herufi kubwa, lisomeke.