Dada poa, wazururaji na sheria: Mwanza tuanzie wapi?

Habari yenyewe tumeizoea. Polisi wanapita usiku kwenye mitaa ya baa na gesti, wanawake wanapakiwa kwenye karandinga, na kukicha kiongozi yuko mbele ya kamera akitangaza kwamba jiji limesafishwa. Haipiti muda, dada poa, yaani wanawake wanaouza ngono, wanaonekana palepale.

Wanaharakati wanataka biashara ya ngono kati ya watu wazima iondolewe kwenye orodha ya makosa. Viongozi wa dini na wazazi wengi wanajibu kwamba huko ni kuhalalisha uchafu. Mimi naona pande hizi mbili zinapishana kwa sababu kila upande una kifungu chake cha sheria kichwani.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamwadhibu kuwadi, mwenye danguro na anayeishi kwa mapato ya ukahaba. Mwanamke mwenyewe hukamatwa zaidi kwa kifungu cha 176, kile cha uzembe na uzururaji, kinachomtaja kahaba anayerandaranda hadharani kutafuta wateja. Kifungu hicho kimerithiwa kutoka kwa mkoloni, na ndani yake wamo pia ombaomba na wengine wanaohesabiwa kuwa wazembe.

Ubaya wake unaonekana ukikaa Mwanza. Soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, linaanza kuchangamka wengine tukiwa bado usingizini. Mama anayewahi dagaa saa kumi alfajiri akiwa na ndoo na pesa za mtaji kwenye kanga anapita barabara ileile, karibu saa ileile, na dada anayetoka baa. Askari akimsimamisha na kumuuliza anatafuta nini, atajieleza vipi? Kesi nyingi za namna hii hata kituoni hazifiki, zinamalizwa njiani kwa kitu kidogo. Mwaka 2013 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Tanzania iliyoeleza mabaya zaidi ya hayo: vipigo, kuporwa pesa, hata kubakwa na askari. Na mwanamke aliyetendewa hivyo aende kushtaki wapi, kaunta ileile ya polisi?

Kuna suala la afya pia, na hapa Mwanza ina ushahidi wake. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walifuatilia jamii 12 za mkoa huu. Nusu yake ziliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya vya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa 1995 yalionyesha maambukizi mapya ya VVU yakiwa pungufu kwa karibu asilimia 40 kwenye jamii hizo. Utafiti uliofanyika Rakai, Uganda, kwa njia ya kugawa dawa kwa watu wote haukupata matokeo kama hayo, kwa hiyo tusiufanye wa kwetu msahafu. Lakini ule wa Mwanza ulitegemea mtu aende kituoni kwa miguu yake na aseme anaumwa nini. Anayejificha haendi.

Wanaopinga nao wana hoja nzito, na wanaharakati huzipita haraka mno. Mzazi ambaye geti lake linatazamana na gesti hahitaji kuhubiriwa haki za binadamu, anataka binti yake apite bila kuitwaitwa. Halafu kuna neno hiari: je, anayejiuza amechagua kweli? Juni 2024 Reem Alsalem, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, aliueleza ukahaba wenyewe kuwa ni mfumo wa ukatili, akapendekeza aadhibiwe mnunuzi, muuzaji aachwe. Sweden imefanya hivyo tangu 1999, Ufaransa tangu 2016. New Zealand ilishika njia nyingine mwaka 2003: haimwadhibu muuzaji wala mnunuzi.

Njia ya Sweden inavutia ukiisikia, ila jaribu kuipeleka mwaloni, kule wavuvi wanakoegesha mitumbwi. Kwenye visiwa vya Ukerewe na Sengerema, mwezi ukiwa mkali wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani. Wanakaa nchi kavu na pesa mfukoni, baa zinajaa, na wanawake wanavuka kutoka bara kuwafuata. Mnunuzi pale ni baharia, au ni tajiri wa mitumbwi anayelisha nusu ya kisiwa. Nani atamkamata? Nahisi sheria ya namna hiyo ingempa askari mtu mwingine wa kumkamua, tena mwenye pesa zaidi, na mwanamke angezidi kusukumwa gizani.

Njia ya New Zealand inanipa wasiwasi wa aina nyingine, unaomhusu mhudumu wa baa. Wapo mabinti wanaoletwa mjini kwa ahadi ya kazi, mshahara hauonekani, na tajiri mwenye baa anatarajia "wawachangamshe wateja". New Zealand waliambatanisha sheria yao na ulinzi wa kazi: hata aliye kazini ana haki ya kumkataa mteja. Kwetu, ambako mhudumu wa baa anaweza kufanya kazi miaka bila mkataba, ukifuta makosa yote kwa mpigo, wa kwanza kunufaika ni tajiri. Ndiyo maana vifungu vya kuwadi na danguro, pamoja na sheria ya 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, naona vibaki, tena vitumike kweli.

Kifungu cha uzururaji ni habari nyingine. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha hapahapa, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria zinazomwadhibu mtu kwa hali yake, si kwa alichotenda, zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki hizo. Maoni hayo hayafuti sheria yetu, kazi hiyo ni ya Bunge. Na simwoni mbunge wa Kanda ya Ziwa akisimama Dodoma kuwatetea dada poa halafu arudi jimboni kuomba kura. Ila anaweza kusimama kwa ajili ya mama wa dagaa na kijana asiye na ajira, ambao kamatakamata ya uzururaji huwazoa pia, na dada poa akapona humohumo. Wanaharakati wangeanzia hapo, mjadala wa kama hii ni kazi au si kazi wakauacha uendelee.