Je, Michael Jordan angefika ligi kuu ya besiboli?

Mwaka 1994 Michael Jordan, akiwa na umri wa miaka 31 na mataji matatu ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu, alicheza besiboli ya ligi ndogo huko Birmingham, jimbo la Alabama. Alilinda eneo la nje, upande wa kulia, katika timu ya Barons, iliyokuwa chini ya Chicago White Sox, klabu ya ligi kuu, na iliyocheza daraja la pili chini ya ligi kuu. Katika zamu 436 za kupiga zilizohesabiwa, alipiga mpira na kufika besi, yaani kituo cha mkimbiaji, salama mara 88, yaani wastani wa 202 kwa elfu, na hadi leo namba hiyo hutajwa kana kwamba inatosha kufunga mjadala. Kwa maoni yangu haitoshi.

Jordan hakuwa amecheza besiboli ya ushindani tangu sekondari, na bado aliruka ngazi zote za chini ambako vijana hujifunza kwa miaka kadhaa. Mwanzoni alipiga vizuri katika mechi 13 mfululizo. Baadaye warushaji wakapunguza kumpa mipira ya kasi iliyonyooka, wakaanza kumrushia inayopinda, na hapo ndipo mambo yalipomharibikia. Kwa mtu wa urefu wa mita 1.98, eneo halali la kurushiwa mpira, ambalo hupimwa kuanzia magotini hadi kifuani, huwa kubwa kuliko kawaida, na mikono mirefu huifanya gongo isafiri mbali zaidi kabla ya kukutana na mpira. Mpigaji wa namna hiyo analazimika kuamua mapema, na mpira unaopinda humwadhibu hasa anayeamua mapema. Ndiyo maana alitolewa kwa kukosa mipira mara 114.

Hata hivyo, msimu huohuo alipewa besi ya bure mara 51 kwa kuiacha mipira mibaya ipite, jambo lisilowezekana kwa mtu asiyeona kinachokuja. Msimu ulipokwisha alikwenda Arizona, kwenye ligi ya vuli inayokusanya vijana wanaotarajiwa zaidi na klabu zao, akapata wastani wa 252. Hayo ni maendeleo ya kweli. Kocha wake wa Birmingham, Terry Francona, ambaye baadaye aliiongoza Boston kutwaa ubingwa mwaka 2004 na 2007, amesema kwamba zamu 1,000 zaidi zingemfikisha ligi kuu. Naiheshimu kauli hiyo, kwa sababu Francona alimwona kila siku. Lakini zamu 1,000 ni misimu miwili au zaidi, na kufikia hapo Jordan angekuwa anakaribia miaka 34, umri ambao wachezaji wengi wa eneo la nje huwa wameanza kupoteza kasi.

Kinachonitia shaka zaidi ni mengine. Mlinzi wa pembeni hutarajiwa kupiga kwa nguvu, naye aliuvusha mpira nje ya uwanja mara 3 tu. Aliiba besi 30, yaani alikimbilia besi iliyofuata bila kusubiri mpira upigwe, sifa iliyowavutia wengi, lakini alinaswa mara 18, na hasara hiyo hula karibu faida yote. Alifanya pia makosa 11 ya ulinzi. Kijana wa miaka 22 asiye na jina, mwenye takwimu hizo, angekuwa na wakati mgumu kuishawishi klabu imwongezee msimu.

Kwa hiyo naamini angeitwa ligi kuu, pengine mwaka 1996, akiwa mchezaji wa akiba, na mwito huo ungechangiwa kwa sehemu na jina lake, hasa kwa kuwa Jerry Reinsdorf alimiliki White Sox na pia Chicago Bulls, timu ya kikapu ya Jordan. Kuwa mchezaji wa kudumu, sioni. Mgomo wa wachezaji wa ligi kuu ulioanza Agosti 1994 ulizuia jibu kupatikana: Jordan alikataa kutumiwa kuziba nafasi za waliogoma, akaacha besiboli Machi 1995. Kama angebaki, hatua iliyofuata ilikuwa Nashville, daraja moja tu chini ya ligi kuu, ambako tungejua kama wastani wa 252 ungedumu mbele ya warushaji wenye uzoefu.