Kifuko cha Spana

Shemeji aliponiuliza mashine ya boti inaumwa nini, nilimjibu kwa sauti ya daktari bingwa: "Mchanganyiko."

Nilikuwa nimeyasoma yote jana yake usiku. Injini ya petroli inataka kama gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Hewa ikizidi, injini inapiga chafya kwenye kabureta, yaani pale hewa na petroli zinapochanganyika, na kuchemka. Petroli ikizidi, moshi mweusi na plagi inalowa. Basi, nikajiona fundi.

Dakika kumi baada ya kung'oa nanga, moshi mweusi ukatufunika na mashine ikaanza kuguguma. Nikazima. Nikatungua kifuko changu cha spana, nikasukuma ndani kile kidude cha mbele kinachozuia kifuniko kutoka, nikafungua plagi. Nyeusi tititi, kama sufuria la kuni! "Umeona? Petroli imezidi!" Nikaifuta, nikavuta kamba, mashine ikaimba. Nikatundika kifuko mahali pake, nikapokea pongezi.

Pongezi hazikufika mbali. Moshi tena.

Safari hii nikaingia kwenye skrubu ya kabureta. Nilikaza robo, nikakaza robo nyingine ili petroli ipungue. (Skrubu ile kazi yake ni mashine inapozunguka polepole tu, kwenye kasi, mambo yako kwenye jeti, yaani kitundu kinachopitisha petroli. Ukurasa huo niliuruka.) Mashine ikawaka vizuri, kifuko kikarudi pale pale, moshi nao ukarudi.

"Oili hiyo," nikasema. "Uliichanganya na petroli moja kwa hamsini kweli?"

"Nilipima. Na moshi wa oili huwa wa bluu," akajibu shemeji, ambaye hajasoma chochote. Akanyamaza kidogo. "Lakini mbona inapona kila ukikishusha hicho kifuko?"

Nikacheka. Kifuko na kabureta wapi na wapi? Akanyoosha mkono, akakitungua mwenyewe. Kile kidude kilikuwa kimechomoza nje mpaka mwisho, na shemeji akayasoma kwa sauti, herufi moja moja, maandishi yaliyoandikwa juu yake: choki.

Yaani saa nzima spana zangu, zikining'inia kwenye kidude hicho, zilikuwa zinavuta choki. Choki inaziba njia ya hewa ili injini ya baridi iwake. Mimi nilikuwa naiziba hewa kwa uzito wa vifaa vya kutafutia hewa.

Tulirudi vizuri mpaka karibu na gati. Nikapunguza kasi, mashine ikapiga chafya mbili, ikazima. Skrubu niliyoikaza sasa ilikuwa inaibania petroli, na mizunguko yake sikuihesabu.

Shemeji akashika makasia, nami nikakaa mbele, kifuko nimevishwa shingoni. Mtu mmoja gatini akatupigia kelele: "Inaumwa nini hiyo?"

"Mashine ni nzima," shemeji akajibu huku akipiga kasia. "Anayeumwa ni fundi."