Betri ya MC

Baada ya kupiga gitaa la besi kwenye harusi tatu mfululizo bila kukopwa malipo, nilijiona tajiri. Nikashuka Kariakoo kununua vifaa vya kazi. Nilirudi na mkanda wa gitaa, wa ngozi, wa shilingi 85,000, umeshonwa maua, na stendi inayong'aa kama sufuria ya kabatini. Betri ya volti 9, ile ya mstatili yenye vichwa viwili juu, niliambiwa 5,000. Nikamwona muuzaji mwizi, nikaiacha.

Sasa, besi yangu ni ya zile zinazokula betri. Ukichomeka waya tu, betri inaanza kuliwa, hata kama gitaa limelala kwenye stendi yake ya kung'aa. Na mimi huwa sichomoi. Uvivu, basi.

Jumamosi tuko ukumbini Sinza. Chakula kimeshapita, tumeingia kwenye sebene, mashangazi wamejifunga kanga viunoni. Hapo besi ikaanza kukoroma kama babu mwenye kikohozi. Halafu kimya. Shangazi mmoja, mguu ukiwa bado hewani, alinitazama mimi. Hakumtazama mpiga solo, wala mpiga dramu. Mimi. Kiongozi wa bendi, huku akiwachekea wageni, alinitolea maneno ambayo hapa siyaandiki.

Nikamwambia mpiga rizimu, "Shikilia hapo hapo, nakuja." Nikashuka kusaka betri. Saa ya ukutani: betri ndogo. Rimoti ya taa: ndogo. Kwenye meza ya MC, mwenyewe akiwa foleni ya kuongeza nyama, maiki yake isiyo na waya ilikuwa imelala. Nikafungua kitako. Volti 9! Astaghfirullah, nikaichomoa.

Mfuniko wa nyuma ya besi una skrubu nne, na bisibisi sikuwa nayo. Nilitumia kisu cha keki, kile chenye utepe mweupe.

Besi ilirudi na kishindo. Mashangazi wakaja kunitunza, noti zinabandikwa kwenye paji la uso, jasho ndiyo gundi. Nilikuwa nimefumba macho kwa utamu wimbo ulipoisha, na MC akasimama kumkaribisha baba wa bibi harusi. Mdomo unaenda, sauti hakuna. Akaipiga maiki kofi. Akaipuliza. Fundi mitambo akaja mbio, akafungua kitako, akakuta pango. Wakainua macho jukwaani pamoja. Kisu cha keki, na utepe wake, kilikuwa juu ya spika yangu.

"Braza," nikamwambia MC, "niazime nyimbo mbili tu."

Baba wa bibi harusi ikabidi ahutubie kwa koo lake. Karatasi mkononi zilikuwa nne, lakini baada ya dakika mbili alichoka, akaketi. Ukumbi mzima ulimshangilia. Kamati ikampongeza MC kwa kubana ratiba.

Kwenye malipo kiongozi alinikata 5,000 za MC, na nyingine 5,000 akaninunulie betri mwenyewe.