Bluu ya chuo ni ipi, ya kwenye simu au ya kwenye bango?

Vyuo vingi siku hizi vina mwongozo wa rangi, bluu yetu ni hii njano yetu ni ile, na mahafali yakikaribia huku Mbeya na Iringa ubishi unaanza, maana bango la getini bluu imeelekea zambarau, fulana za wanafunzi zina bluu nyingine na kwenye simu ni nyingine kabisa. Wapo wanaotaka kazi irudishwe kwa fundi, na wapo wanaosema jamani bluu ni bluu, tusisumbuane.

Wenye msimamo mkali nawaelewa. Chuo cha Oxford bluu yao ni Pantone 282, yaani namba ya wino kwenye orodha ya rangi ya kampuni ya Pantone, kwenye skrini msimbo wake ni #002147, imeisha hiyo. Na kwenye maonesho ya vyuo ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, pale Mnazi Mmoja Dar, mabanda yamebanana, mzazi anaona rangi kabla hajasoma jina.

Ila wanasahau kwamba skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na bluu, kila moja 0 mpaka 255, wakati printa inachanganya wino wa sayani, majenta, njano na nyeusi, na kuna bluu na kijani kali za simu ambazo wino huo haufiki hata umlipe fundi mara mbili. Chukua bluu ya 0, 0, 255 upeleke kwa fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, itatoka ya kizambarau na fundi hajakosea chochote. Pantone ingesaidia kwa sababu wino wake unachanganywa kabisa kabla ya kuprinti, lakini hiyo ni kazi ya ofseti, zile mashine kubwa za uchapaji, na kopi nyingi, kadi 50 za mwaliko nani akuandalie wino wake? Alafu fleksi ikikaa juani majenta na njano ndo zinatangulia kufifia, bango linabaki la kibluubluu na mwongozo uko kwenye droo.

Hawa wa bluu ni bluu nao hoja yao ya gharama ni ya kweli, shida wanaitumia kufunika uvivu. Logo imetolewa WhatsApp, imevutwa mpaka imepasuka, rangi imekadiriwa kwa macho, hiyo sio bajeti ndogo bana.

Na kuna kitu pande zote hawakigusi, kusomeka. Vigezo vya WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazosomeka na kila mtu, vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na nyuma yake angalau 4.5 kwa 1, njano kali juu ya nyeupe inapata kama 1.07. Rangi ya chuo sawa, ila ratiba ya mitihani umeiandika kwa njano, nani aisome juani pale stendi?

Mi naona ukali ubaki kwenye vyeti, barua na tovuti, fulana za wanafunzi ziachwe zipumue. Kila rangi iwe na namba za skrini na za wino, na kwa karatasi ya kung'aa tofauti na ya kawaida maana ya kawaida inanyonya wino, af iprintiwe sampuli moja kwanza. Ofisi iliyompa fundi skrinshoti haina haki ya kumrudishia bango.