Kibali cha Mbuzi

Wali wangu umeiva nusu. Nusu nyingine imebaki njiani, Minjila, na nayasema haya nikiwa na njaa, kwa hiyo mtanivumilia.

Mimi dereva wa trela, mtu wa Malindi, mtoto wa Shela, sili ovyo. Hoteli za njiani nilishazinawia mikono. Juzi niliagiza samaki nikaletewa mwiba, halafu naulizwa kama nataka ndimu. Ndipo nikaweka kisanduku chini ya trela: jiko la gesi la kilo 6, sufuria mbili, kifumbu, na mbuzi. Utingo wangu, kijana wa bara, ananishauri tununue tui la pakiti. Nimemwambia akirudia namshusha Gongoni akavune chumvi.

Sasa leo asubuhi, kizuizini. Afande mgeni, viatu bado vina udongo mwekundu wa kwao.

"Umebeba nini?"

"Saruji, afande."

"Na hapo kwa sanduku?"

Mdomo ukanitangulia. "Vyombo vya kupikia tu, na mbuzi."

Kalamu ikasimama. "Mbuzi ngapi?"

"Moja tu." Na wenzetu wa bara, mbuzi kwao ni "moja" hata akiwa na ndevu.

"Iko hai?"

Nikacheka. Kosa la pili hilo. "Hai wapi, afande! Ya mama mkwe hiyo, ina miaka thelathini."

"Kibali ya mifugo iko wapi?"

Namgeukia utingo aniokoe, na yeye, kwa adabu zake zote, anasema: "Afande, haina shida. Mzee huikalia tu kila jioni."

Nikashushwa. Kisanduku kikafunguliwa. Afande akaishika mbuzi, akaikunjua, akaikunja, akagusa meno yake kwa kidole.

"Hii si ni kiti?"

"Ni mbuzi."

"Kiti iko na silaha."

Basi mimi, mzee mwenye wajukuu wanne, nikaikalia mbuzi katikati ya barabara ya Lamu, sahani mbele, nikakuna nazi kutoa ushahidi. Nyuma yangu basi linapiga honi. Abiria wameteremka wote. Bibi mmoja mwenye buibui ananisimamia kichwani: "Baba, unakuna mpaka kifuu! Tui litatoka jeusi hilo!" Nikamwambia bibi, niko chini ya ulinzi. Akasema kwani ulinzi ndio umekufundisha kukuna hivyo? Afande akachota nazi akaonja. Akachota tena. Mara ya tatu akamchotea na mwenzake. "Sawa, enda," akasema anatafuna, "lakini siku ingine useme kiti."

Tukafika Minjila jua limepanda. Nikakamua nazi iliyosalia, upepo unazima jiko kila nikifunika sufuria, utingo amesimama na kikoi changu cha Ijumaa kama ukuta. Tui ndiyo kwanza linaanza kukauka, nasikia: msafara huo, unaondoka! Na msafara wa kusindikizwa na polisi haumngojei mtu apalie wali. Utingo akaipakata sufuria mpaka Witu, akilia kila shimo.

Mvua za mwisho wa 2023, Tana ilipomwagika barabarani, tulikwama nikala vizuri kuliko nyumbani. Leo kukavu, lami inameremeta, nimetafuna mchele.

Hapa Mokowe kuli mmoja ameonja kijiko akaniuliza kama hiyo nayo ni saruji. Wanapakua mifuko wanaishusha kwenye boti, na ng'ambo punda wanaingojea. Punda wa Lamu ana hospitali yake, anakula kwa wakati, na sijamwona hata mmoja akiulizwa kibali. Ukimpigia kelele mjini watu wanakutazama wewe.

Utingo nimemtuma viazi karai na pilipili. Amekwenda na mia tano yangu, saa nzima sasa. Nimeikalia mbuzi namngoja, na kuna askari kule gatini ananiangalia ninachokalia.